Sura ya 5: Uso Wazi au Uso Uliofunikwa? Kuchagua Helmeti ya Safari Ndefu

"Kwa joto hili la Tabora, kwa nini nijifungie uso mzima?"

Hakuna swali linaloulizwa zaidi ya hili pale mtu anapojiandaa kuvuka nchi kwa pikipiki, na lina haki ya kuulizwa. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hupita nyuzi 30 bila shida. Bodaboda wengi wa mjini wanavaa helmeti iliyoacha uso wazi, na wengine wameining'iniza kwenye usukani wakisubiri kumwona trafiki. Wewe uliyepanga kutembea mamia ya kilomita unasimama dukani mbele ya helmeti mbili. Moja ni nyepesi na inapitisha upepo. Nyingine inakufunika hadi kidevuni, na ukiijaribu tu jasho linaanza kutoka.

Jibu fupi la sura hii ni kwamba joto lina dawa, taya halina. Kurasa zinazofuata zinaeleza kwa nini, kisha zinaonesha dawa zenyewe, kwa sababu kumwambia mtu avumilie tu si ushauri.

Njia tunayoizungumzia

Tuchukue safari moja halisi, ile ya njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, yapata kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliweka vituo sita vya njia hiyo katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko jirani na mji wa Tabora, na tembe waliloishi wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872 linakumbukwa hapo kwa makumbusho. Ni njia inayowavutia waendesha pikipiki kwa sababu historia imetandazwa kando ya barabara.

Kigwa, kata iliyo katika Wilaya ya Uyui, mashariki mwa mji wa Tabora, haimo katika vituo hivyo sita. Lakini misafara mingi iliyotoka pwani iliijua. Ilipita Tura, Rubuga, Kigwa na Shiza, ndipo ikaingia Kwihara. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Unyanyembe Juni. Wapagazi wake walitembea kwa miguu, na kwa mwendo huo uso hauhitaji kinga zaidi ya kilemba.

Pikipiki imebadilisha hesabu. Kituo kilichowamaliza wapagazi kutwa nzima, wewe unakipita ndani ya saa moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unasogea mita 22. Nyuki akikujia usoni, ni wewe unayemgonga yeye, na kwa kasi hiyo. Ukianguka, uso wako unaingia barabarani ukiwa bado na sehemu ya mwendo huo.

Aina tatu za kuzijua

Maduka yana mitindo mingi, ila kwa msafiri inatosha kuzijua tatu.

- Helmeti ya uso wazi. Inafunika utosi, kisogo na masikio. Uso uko wazi, au umekingwa na kioo tu. Kwa kawaida ina uzito wa kilo moja na ziada.
- Helmeti ya kufunika uso. Ganda lake linazunguka hadi mbele ya kidevu, na kioo kinafunguka juu ya macho. Nyingi zina kilo 1.4 hadi 1.6.
- Helmeti ya kidevu cha kunyanyua. Ni ya kufunika uso, lakini sehemu yote ya mbele hupanda juu kwa kubonyeza kitufe. Huwa nzito kuliko zote.

Zote zinazostahili kuitwa helmeti zina tabaka mbili za kazi. La nje ni ganda, plastiki ngumu au nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, linalotawanya pigo na kuzuia kitu chenye ncha. La ndani ni povu gumu, lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo hubonyea pigo linapotua, na kule kubonyea ndiko kunakoupa ubongo muda wa kusimama taratibu. Sponji laini inayogusa mashavu yako ni ya starehe, kazi yake si kuokoa maisha. Povu likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali moja imemaliza kazi yake hata kama ganda linang'aa.

Kidevu ndicho hutangulia

Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki yake bila kofia yoyote kichwani, akafa siku chache baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuwachunguza waendesha pikipiki waliokufa kwa majeraha ya kichwa, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka ujumbe wake wa pikipiki kuvaa helmeti.

Helmeti za wakati huo zilikuwa za uso wazi, kwa kuwa hoja ilikuwa ubongo. Zile za kufunika uso zilienea baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyingi zikitokea kwenye mashindano ya magari na pikipiki. Ubongo ulikuwa umepata kinga, na sasa ikaonekana ni kiasi gani uso ulikuwa unalipa.

Kiasi hicho kilipimwa Hannover, Ujerumani, ambako watafiti walikusanya helmeti za watu waliopata ajali na kuchora mahali kila pigo lilipotua. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya mapigo yalikuwa kidevuni na kwenye taya. Utosi, ambao wengi tunadhani ndio unaohitaji kofia kuliko sehemu nyingine, ulipata machache. Sababu si ngumu kuielewa. Pikipiki inapokwama ghafla kwenye shimo au ubavuni mwa ng'ombe aliyevuka barabara, mwili unarushwa mbele, mikono inachelewa, na kinachotangulia ni kidevu.

Hii haimaanishi helmeti ya uso wazi haina faida. Tafiti nyingi zilizojumuishwa pamoja, na ambazo Shirika la Afya Duniani limezitumia, zinaonesha kwamba kuvaa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Tofauti kubwa kuliko zote ni kati ya kuvaa na kutovaa. Kufunika uso ni hatua ya pili juu ya hiyo. Katika safari ndefu hatua hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu taya lililovunjika huziba njia ya hewa kwa damu na meno, na msaada uko mbali. Ukianguka Kigwa, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, mjini Tabora. Jeraha likihitaji mabingwa zaidi, kuna safari nyingine ya kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako ni kilomita 840 hivi kwa reli.

*Kwa ufupi:* helmeti yoyote nzuri iliyofungwa inalinda ubongo. Ya kufunika uso inalinda pia mahali ambapo theluthi ya mapigo huangukia.

Uso unakutana na nini kabla ya ajali

Wengi hawatapata ajali, Mungu akipenda. Lakini wote watakutana na haya manne.

Kwanza ni vumbi. Ukiacha lami na kuingia njia za udongo za vijijini, lori moja mbele yako linatosha kukupofusha. Miwani ya jua ya kawaida haizibi pembeni, kwa hiyo vumbi huzunguka na kuingia kwa nyuma.

Pili ni wadudu. Tabora ni nchi ya asali, na mizinga hutundikwa mitini kwenye miombo. Nyuki aliyenaswa kati ya shavu na sponji huuma, na dereva aliyeumwa huachia usukani. Kwenye mapori kuna pia mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo, wasiosumbuliwa na nguo nyepesi wala mwendo mdogo.

Tatu ni mvua, inayonyesha kati ya Novemba na Aprili. Matone usoni kwa mwendo wa barabara kuu huchoma kama sindano, na macho hufumba yenyewe.

Nne ni upepo. Kwa nusu saa ya mjini unaburudisha. Kwa saa sita unakausha macho na midomo, na unakunyang'anya maji mwilini bila kukuonesha jasho. Mtu hufika amechoka, akidhani ni kiti cha pikipiki kilichomchosha.

Malalamiko matano na dawa zake

*"Inanipikia kichwa."* Ni kweli ukiwa umesimama. Ukitembea, helmeti nzuri ya kufunika uso ina matundu kwenye kidevu na paji yanayoingiza hewa, na mengine kisogoni ya kuitoa. Kabla ya kununua, pitisha kidole ndani uone kama tundu limetoboka hadi upande wa pili. Kuna helmeti ambazo matundu yake ni mapambo. Chagua rangi nyeupe au nyepesi. Vaa ndani kitambaa chembamba cha pamba, na jua likiwa kali kiloweshe maji. Zaidi ya yote, panga siku kwa jua: ondoka alfajiri, pumzika saa sita hadi saa tisa chini ya mwembe, maliza jioni kabla giza halijaingia. Wapagazi wenyewe waliamka na kuondoka mapema.

*"Sitasikia honi."* Helmeti hupunguza sauti zote kwa pamoja, honi na kelele za upepo, hivyo honi bado hujitokeza. Mwenye uso wazi kwenye mwendo mkubwa huzibwa masikio na upepo, na kelele hizo kwa saa nyingi huharibu usikivu.

*"Sioni pembeni."* Kiwango cha Umoja wa Mataifa kinadai uone nyuzi 105 kila upande kutoka katikati ya uso, yaani zaidi hata ya mabega yako. Kama helmeti inakuziba kuliko hapo, tatizo ni helmeti hiyo, au umechukua saizi isiyo yako.

*"Uzito wake utanivunja shingo."* Majumuisho ya tafiti hayajathibitisha kwamba helmeti huvunja shingo. Uchovu wa shingo ni jambo la kweli, ila mara nyingi hutokana na helmeti kubwa inayocheza na kuvutwa na upepo, si na gramu mia tatu za ziada.

*"Nitasalimiaje watu?"* Hili lisipuuzwe. Unyamwezini huingii kwenye baraza la watu ukiwa umeficha uso. Mzee anakungoja useme "mwangaluka" akuone unavyosema, na muuza petroli wa chupa ana haki ya kumtilia shaka mtu asiye na sura. Hapa ndipo helmeti ya kidevu cha kunyanyua inapostahili bei yake: unazima injini, unanyanyua, unaamkia, unaulizia njia, unakunywa maji. Mwenye helmeti ya kawaida ya kufunika uso na afanye jambo rahisi: aivue. Dakika moja ya heshima haitamchelewesha kufika Kwihara.

*Kwa ufupi:* malalamiko yote matano ni ya usumbufu, na kila usumbufu una namna ya kuupunguza.

Kusoma herufi za kwenye mkanda

Kufunika uso hakutoshi kama kinachofunika ni plastiki tupu. Helmeti zinazofuata kiwango cha Umoja wa Mataifa, Kanuni namba 22, huwa na kibandiko kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Kina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini. Kwa mfano, E1 ni Ujerumani na E3 ni Italia. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni. Toleo la 06 ndilo jipya na lina majaribio zaidi. Baada ya namba huja herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka:

- J: uso wa chini haukufunikwa. Ni helmeti ya uso wazi.
- P: kidevu kimefunikwa na kimepimwa kwamba kinakinga.
- NP: kidevu kimefunikwa lakini hakikingi. Ni sura tu.
- P/J: ya kunyanyua, iliyopimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi.

Kwa safari ndefu tafuta P au P/J. Ukikuta NP, jua unalipia kioo cha vumbi. Kibandiko cha DOT cha Marekani nacho kina maana, ila huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na kukichapisha kibandiko bandia ni kazi rahisi. Kama huna uhakika, ingiza kidole gumba nyuma ya kidevu cha helmeti ubonyeze. Usipokuta povu gumu chini ya kitambaa, irudishe rafu.

Ujue pia mpaka wa vipimo hivyo. Katika jaribio la msingi, helmeti hugongwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kudondoka kutoka karibu mita tatu. Hilo linatosha kwa kichwa kinachoanguka kutoka juu ya pikipiki hadi chini. Halitoshi kwa kichwa kinachokwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa lori. Helmeti haikuongezei kibali cha kukimbia.

Lini uso wazi unafaa?

Kuna hali mbili. Ya kwanza ni mizunguko mifupi ya polepole mjini, kutoka stendi hadi sokoni, pale ambapo mtu angeiacha nzito nyumbani. Helmeti ya wazi iliyofungwa kichwani ni bora kuliko ya kufunika iliyobaki juu ya kabati. Ya pili ni pale ambapo chaguo ni kati ya helmeti ya wazi yenye povu na kibandiko cha kweli, na ya kufunika ya bei ya kutupa isiyo na povu. Chukua ya wazi, na uivalie miwani inayoziba pembeni au kioo kirefu. Kumbuka tu kwamba kioo kirefu huzuia vumbi na nyuki, lami hakiizuii.

Hatua za dukani

1. Pima kichwa kwa utepe wa fundi nguo, sentimita moja juu ya nyusi, ukizunguka kisogo. Linganisha na saizi iliyoandikwa.
2. Vaa. Mashavu yasukumwe kidogo, paji lisiumie. Ikipwaya ikiwa mpya, baada ya miezi itacheza.
3. Funga mkanda, ubakize nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu.
4. Shika ukingo wa nyuma, isukume kwenda mbele. Ikivuka nyusi na kutaka kuchomoka, si yako.
5. Kaa nayo kichwani dakika kumi. Maumivu ya sehemu moja hayatapungua ukiwa njiani.
6. Chagua kioo kisicho na rangi. Cheusi kinapendeza mchana, ila machweo yakikukuta porini kinakuwa kitambaa machoni.
7. Usinunue iliyotumika usiyoijua historia yake, wala usiisafishe kwa petroli au tina, vinavyoyeyusha povu. Sabuni na maji vinatosha. Kioo chenye vumbi kiloweshe kwanza, usikisugue kikavu.

Jambo moja zaidi, la kuwaambia wenzako mnaosafiri nao. Mtu akianguka, raia wema hukimbilia kumvua helmeti kwa kuivuta. Kama anapumua vizuri, asivuliwe, afunguliwe kioo. Kama hapumui au anatapika, ivuliwe na watu wawili, mmoja ameshikilia shingo na taya zisipinde, mwingine akiitoa polepole. Ile ya kidevu cha kunyanyua hurahisisha kazi hii, kwa kuwa mdomo na pua hufikiwa bila kuivua.

Na aliyekaa nyuma?

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Lakini barabara haitofautishi kiti cha mbele na cha nyuma. Abiria hana usukani wa kushika, haoni shimo mapema, na kidevu chake kiko nyuma ya kisogo chako: breki moja ya ghafla na mnagongana. Asipewe kofia iliyobaki. Apimwe kichwa chake, pamoja na mtandio au misuko atakayokuwa nayo siku ya safari, kwa kuwa vyote hubadilisha saizi. Kama fedha inatosha helmeti moja nzuri na mko wawili, ahirisheni mwezi mmoja, mnunue ya pili, ndipo mwondoke.